Wimbo Uliokimbiza Mpunga wa Yustina

Nyie vijana wa bendi ya Mabati Mapya, nani aliwafundisha kuanza wimbo kwa adabu na kuumaliza kama watu waliofukuzwa na nyuki? Huko Mbeya hakuna mtu mzima wa kuwaambia mkae sawa? Mwanzo wenu ni wa watoto waliolelewa. Katikati mnaanza kuchokoza. Mwisho mnakimbia, na mtu mwenye akili zake timamu anakimbia nyuma yenu bila kujua kwamba anakimbia. Nimewapenda, sikatai. Lakini mmenitia matatani, na leo nawasema.

Jumatano. Mawingu yamekaa upande wa milimani tangu asubuhi, hayanyeshi na hayaondoki. Nimekaa barazani, matope yamenikaukia miguuni mpaka kwenye magoti, na simu nimeifuta mara tatu ndio ikakubali kidole changu.

Moyo hautulii.

Kama ni mara yako ya kwanza kufika hapa, mimi ni bibi wa Rujewa, nalima mpunga, shule niliacha darasa la nne. Blogu hii alinifungulia mjukuu wangu Lulu, anayesoma chuo Iringa, baada ya kuchoka na sauti ndefu ninazomtumia kwenye simu. Alisema, bibi, andika, watu watakusoma. Nikaona ananikimbia tu. Kumbe watu wanasoma kweli, na wengine wananijibu. Kuna mmoja aliniandikia nipumzike, muziki wa vijana sio wa umri wangu. Huyo simjibu, na ajue kwamba simjibu.

Habari ya hizi bendi ilianza Lulu alipokuja likizo ya Krismasi. Alikuwa anaosha vyombo, simu yake inapiga kitu ambacho sijawahi kukisikia. Sio ile miziki ya kwenye mabasi, sio kwaya. Gitaa jembamba linaruka-ruka kama kuku aliyekanyaga majivu ya moto, halafu ngoma, halafu msichana anaimba kama anaongea na mwenzake dirishani. Nikamuuliza hao ni akina nani. Akasema ni bendi changa, hawana kampuni wala meneja, wanajirekodia wenyewe chumbani, wamesimamisha magodoro ukutani ili kelele za nje zisiingie. Nikauliza sasa wanalalia nini. Akacheka. Mimi mguu wa kushoto ulikuwa umeshaanza.

Tangu hapo kila wiki ananitumia bendi mpya, na mimi nazichambua kama ninavyochambua mbegu. Hii ya kuhifadhi, hii ya kula leo, hii wapewe kuku. Kuna hawa wa Iringa wanaojiita Jirani Punguza. Wanafunzi wanne, na jina walilipata kwa jirani aliyekuwa anawagongea ukuta. Wanacheza vizuri, ila yule wa kinanda anapenda kujionyesha, akipata nafasi hatoki. Kuna wengine wanaimba kwa kunong'ona mpaka nilidhani simu imeingia maji. Hao niliwapa kuku. Na kuna hawa Mabati Mapya wa Mbeya, vijana watatu na binti mmoja ndiye anayepiga ngoma. Hao niliwahifadhi siku ile ile.

Nikiri kitu. Nikiwa peke yangu nafunga mlango wa jikoni kwa komeo na nacheza. Mimi ni kiongozi wa akina mama kanisani, watu wamezoea kuniona nimekunja uso, na sitaki mtu aingie akute mwiko uko hewani na kiuno kiko upande mwingine. Wiki iliyopita maharage yaliungua kwa sababu ya Mabati Mapya. Nikayala hivyo hivyo, na nikamwambia jirani aliyesikia harufu kwamba ni kuni mbichi.

Sio kwamba nimekuwa mtoto. Miaka tisa tangu babu yenu aondoke, nyumba hii ilikuwa imenyamaza. Sasa nikisikia gitaa linaanza, kuna kitu kinaamka kwenye magoti ambacho nilidhani nimeshakizika.

Basi. Sasa nisimulie kosa.

Nina mdogo wangu, Yustina. Ni sisi wawili tu tuliobaki kwa mama yetu. Yustina aliteleza kwenye kingo za shamba lake akavunjika mguu, vibaya, na mwanawe anayekaa Iringa akaja kumchukua. Sasa amelazwa hospitali ya Tosamaganga, mguu umefungwa. Kabla hajapandishwa kwenye gari alinishika mkono akasema miche yangu iko tayari kwenye kitalu, dada, nipandie. Nilimfunga kanga kichwani vizuri, na yeye alielewa.

Yustina ana majaruba matano tu, vipande vya mpunga vilivyozungushiwa kingo. Hayo ndiyo chakula chake cha mwaka mzima. Hana shamba lingine, hana mume, na kwa mguu ule hatashika jembe msimu huu.

Kwetu shamba la mtu mgonjwa linapandwa kwa mgowe, yaani tunakusanyika, leo kwako kesho kwangu, mwenye shamba anapika na wengine wanainama. Nikawaita wanawake. Kazi yenyewe mnaijua mliozaliwa huku, na msiojua niwaeleze. Unashika miche mkono wa kushoto, unachomoa miwili au mitatu kwa mkono wa kulia, unaichomeka kwenye tope mpaka kidole kizame kiungo cha pili, unabana kidogo, unarudi nyuma hatua moja. Hivyo hivyo kutwa nzima, umeinama, unatembea kinyumenyume. Na siku zote tunaimba. Mmoja anaanzisha, wengine tunaitikia, na mikono inafuata sauti.

Jumapili baada ya ibada nilijisifu. Niliwaambia wenzangu kesho msichoshe koo, nitawaletea kitu. Jumatatu asubuhi nikafika na ile spika ndogo aliyoniachia Lulu, nikaiweka kwenye kingo juu ya ndoo, nikawafungulia Mabati Mapya, wimbo wao wa tatu, nikauweka ujirudie.

Tulikuwa wanawake kumi na watatu. Mwanzoni walinitazama kama nimechanganyikiwa. Kisha ngoma ikaingia. Mwanzo wa wimbo ule unaenda sawasawa na mkono wa kupanda, kama waliutunga kwa ajili yetu. Chomoa, chomeka, bana, rudi. Nikaona kiuno cha mmoja kinacheza. Wa pili. Dakika chache tu watu wote wameinama na makalio yanakwenda upande mmoja, wanacheka, matope yanaruka. Wapita njia walisimama kututazama. Nimepanda mpunga tangu nikiwa msichana na sijawahi kuona asubuhi kama ile. Nawaambia ukweli, nilijiona mkubwa.

Kuna mwanamke anaitwa Mama Tumaini. Mkono wake ndio bora kuliko mikono yote ya hapa kwetu, na mimi hilo nalijua miaka mingi ingawa sijawahi kumwambia. Wimbo ulipojirudia mara ya tatu alinyoosha mgongo.

"Mama, huu wimbo unakimbia," akasema. "Tuuzime tuimbe wenyewe."

Nikamjibu mbele za watu wote. "Wimbo haukimbii. Wewe ndiye umeanza kuzeeka."

Wakacheka. Yeye naye akacheka kidogo, akainama, akaendelea. Nimemzidi miaka kumi na mitano.

Tulimaliza saa tano na nusu. Shamba la kumaliza jioni, tumelimaliza saa tano na nusu. Hapo hapo nilipaswa kujiuliza. Badala yake nilicheza kwenye kingo na watu wakanipigia vigelegele.

Jana Jumanne nikaenda kutazama.

Yangeyange mmoja alikuwa anatembea kwenye jaruba la kwanza, taratibu, kama mkaguzi. Kila alipopita, nyuma yake miche inalala. Ndege yule hana uzito wa kuangusha kitu. Nikashuka, nikashika shina moja nikalivuta kwa vidole viwili. Likaja lenyewe kama njiti kutoka kwenye boksi la kibiriti. Nikashika la pili. Likaja. La kumi likakataa, nikamshukuru Mungu. La kumi na moja likakataa. Mashina ishirini yaliyofuata yote yakakataa, yameshika kabisa. Nikasema basi ni kona tu ile. Nikasogea, yakaanza kulegea tena, na mbele zaidi yako juu juu kabisa, mizizi inaonekana, na nafasi kati ya shina na shina zimekuwa pana kama watu wamenuniana. Kisha ghafla yanashika tena.

Nilisimama katikati ya tope nikaelewa. Pale yanaposhika ni pale wimbo ulipoanza upya. Pale yanapolegea ni pale walipoanza kukimbia. Shamba lote la mdogo wangu limeandikwa ule wimbo, kutoka kingo mpaka kingo. Mtu anayejua kusoma mpunga angeweza kuuimba.

Na Mama Tumaini alisema.

Nikaanza kushindilia mwenyewe. Kidole kinazama, nabana, nasogea. Mistari miwili tu mgongo ukakataa, nikatoka kwenye tope kwa magoti na mikono kama mtoto anayejifunza kutambaa. Majaruba matano. Mistari miwili.

Sasa sikilizeni kinachoninyima usingizi. Kesho kutwa Ijumaa, saa mbili asubuhi, ni zamu yetu ya maji. Mgawa maji anafungua mfereji na majaruba yanajaa. Miche iliyoshika itakunywa na kunenepa. Miche iliyolegea itang'oka, itaelea, itasukumwa na upepo ijikusanye pembeni kama takataka. Nikisema maji yasiingie, zamu nyingine ni baada ya siku nane, na kwa jua la hapa tope litapasuka na miche itakufa imesimama. Kitalu cha Yustina ni kitupu. Miche iliyobaki niligawa mwenyewe Jumatatu mchana kwa furaha yangu, mchukue, mchukue, sisi tumemaliza. Hata nikipata mbegu leo, mpaka iote na ifike kupandwa, msimu umeshapita.

Na haya mawingu. Ikinyesha mvua kubwa leo, miche haitafika hata hiyo Ijumaa.

Jana alasiri Yustina akapiga simu. Sauti yake ndogo, wodi ina watu. Akauliza dada, umepanda? Nikasema nimepanda. Akauliza, "Imeshika?"

Nikasema imeshika.

Mtu nimemlea mgongoni mwangu, mama alipokuwa shambani. Sijawahi kumdanganya hata juu ya kifo cha baba. Jana nimemdanganya kwa neno moja, na yeye akasema asante dada, sasa naweza kulala. Tangu jana hilo neno lake la kulala linanizunguka kichwani. Yeye alale kwa uongo wangu, mimi nikeshe kwa ukweli wangu.

Naogopa nini hasa? Nimejiuliza asubuhi yote. Mpunga naogopa, ndiyo. Lakini kama ni mpunga tu, dawa naijua. Watu kumi na watatu wakirudi kesho asubuhi, kila mtu na mistari yake, kabla ya jioni kila shina limeshindiliwa. Ni kuwaita tu. Kinachonizuia ni kwamba kuwaita ni kusema kwa nini. Na kusema kwa nini ni kumtazama Mama Tumaini usoni.

Leo saa nne nilijikaza nikaenda kwake. Nilikuwa nimeshapanga maneno njiani, machache, mazuri. Akanikaribisha kwa salamu yetu ya kamwene, akanipa kigoda, akanimiminia uji. Nikaanza kuongea habari za kuku wake wanaotaga vichakani. Nikamshauri juu ya kuku. Nikaongea habari ya paa la kanisa. Nikarudi tena kwenye kuku. Uji ukaisha, nikasema basi mimi naenda. Akanisindikiza mpaka kwenye njia, na pale tunapoachana akaniuliza taratibu.

"Mama, hilo ulilokuja nalo mbona unaondoka nalo?"

Nikasema nimekuja kusalimia tu.

Mimi huyu. Ninayewasema watu wote hapa mtaani, ninayesimamisha ndoa za watu zisivunjike kwa kuwaambia ukweli kavu. Nikashindwa maneno machache mbele ya mwanamke aliyenipa uji.

Nilirudi nyumbani nina hasira na kila kitu. Nikaishika ile spika nikataka kuitupa chooni. Sikuitupa. Nikakaa nayo mapajani, nikaanza kufikiri kama mkulima, kwa sababu kufikiri kama mtu mwenye aibu kulikuwa hakunifikishi popote.

Nikajiuliza kwa nini nyimbo zetu za kupandia hazijawahi kutufanyia hivi. Nikapata. Anayeanzisha wimbo wetu na yeye ameinama. Mkono wake uko kwenye tope lile lile. Akitaka kukimbiza, tope linamkatalia, na wimbo unasubiri. Hawa watoto wa Mbeya wako chumbani na magodoro yao, mgongo umenyooka, mikono mikavu. Binti yule wa ngoma akifurahi anakimbia, na hakuna tope la kumshika. Sio kosa lake. Alitunga wimbo wa kucheza, na kwa kucheza ule mwisho wa kukimbia ndio utamu wenyewe. Ni mimi niliyeupeleka shambani.

Nikamtumia Lulu sauti. Nikamwambia nitafutie bendi changa ya kuchezeka lakini isiyokimbia hata kidogo, mwanzo mpaka mwisho mguu ule ule. Akauliza ya nini. Nikasema ya mazoezi ya magoti. Uongo wa pili ndani ya siku mbili, naona nimepata njia.

Akanitumia bendi tano.

Nikachota tope la mferejini nikajaza beseni, nikang'oa majani marefu ya ukingoni yanayofanana na miche, nikakaa barazani na beseni katikati ya miguu. Spika pembeni. Nikaanza kupanda majani kwenye beseni kwa muziki, mtu mzima na mvi zangu. Jirani alichungulia juu ya ua, akaniangalia, akarudi ndani bila kuuliza. Nadhani ameenda kuniombea.

Bendi ya kwanza ilikuwa nzuri, ila wanaanza kwa haraka kabisa, majani yangu yakasimama juu juu kama yamegoma kuzama. Ya pili ni Jirani Punguza, wimbo mpya, na yule wa kinanda akaingia katikati akaharibu hesabu. Nikamwambia kwa sauti atoke. Ya tatu wanasimama. Wanasimama kabisa katikati ya wimbo, kimya, halafu wanaanza tena. Kwenye dansi ni jambo zuri, mnacheka, mnashikana. Kwenye shamba watu kumi na watatu wangebaki wameinama wanatazamana. Ya nne sikuielewa. Kama kuna mtu anaielewa aniandikie, ila aandike kwa heshima.

Ya tano wanaitwa Soksi Mbili. Ni dada wawili wa Mbeya, mtu na mdogo wake, Lulu anasema hawajafikisha hata mwaka tangu waanze. Mmoja ana gitaa la besi, mwingine anapiga ngoma moja na chupa. Basi. Hakuna mbwembwe. Lakini ile ngoma, jamani, ile ngoma inakaa. Kati ya pigo na pigo kuna nafasi, na kidole changu kilipozama kwenye beseni kikakuta ile nafasi inakisubiri kizame, kibane, kitoke. Haikunisukuma. Haikuniacha. Chupa inachezesha bega, besi inachezesha kiuno, na mkono unafanya kazi yake kama hauhusiki. Nilihesabu mwanzo wa wimbo mpaka mwisho, majani thelathini na mawili. Nikaurudia. Thelathini na mawili. Mara ya tatu nikafumba macho. Thelathini na mawili, na nilipovuta moja lilikataa kutoka, likakatikia mkononi.

Nililia kidogo hapo barazani. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu ya wale dada wawili, jinsi mkubwa anavyoshika besi chini na mdogo anaimba juu yake bila woga.

Kisha nikaingiwa na hofu upya. Nikienda tena na spika watasema bibi hajajifunza. Nikienda bila spika, watu kumi na watatu wanaenda kurudia kazi waliyokwisha kuifanya, kazi ya kuchosha kuliko kupanda kwenyewe, wamenuna, mgongo unauma, na kila mtu anajua ni kosa la nani. Je, wakikataa kuja? Wana mashamba yao. Hakuna aliyewaapisha. Mama Tumaini mwenyewe akisema amezeeka, kama nilivyomtangazia, nitamjibu nini?

Nimekaa na hilo tangu saa nane. Sasa inakaribia saa kumi na moja, matone mawili yameanguka kwenye kioo cha simu, na upande wa milimani pamekuwa peusi.

Kwa hiyo naandika hapa. Mdomo umegoma, kidole hakijagoma. Najua ni njia ya mtu mwoga. Lakini kosa nililifanya mbele za watu, sitaki kulisemea pembeni na mtu mmoja mmoja.

Mama Tumaini, ulisema wimbo unakimbia na ulikuwa unakimbia. Nilikujibu vibaya kwa sababu nilikuwa nimejiona mkubwa. Hujazeeka. Mkono wako ndio mkono bora Rujewa nzima, na ninaandika hivyo mahali ambapo siwezi kufuta, maana sijui kufuta. Kesho spika nitakuja nayo na wale dada wawili, lakini itakaa kwako. Ukisema izimwe, inazimwa, na wewe ndiye utakayeanzisha wimbo, na mimi nitaitikia kwa sauti.

Lulu, najua kila Jumamosi unamsomea bibi yako mdogo, Yustina, haya ninayoandika, na wodi nzima inasikiliza. Usisubiri Jumamosi. Mpigie sasa hivi, msomee yote, usiruke pale nilipodanganya. Akikasirika mwache akasirike. Akitaka kusikia ule wimbo ulioharibu, mpigie na huo. Mwambie dada yake alisema imeshika, haijashika, na kesho jioni nitampigia mwenyewe, nimesimama ndani ya shamba lake.

Na nyie watoto wa Rujewa mnaosoma hapa na mama zenu wako kwenye mgowe wetu, acheni mengine yote ya kwenye simu. Inukeni, kila mtu akamsomee mama yake, kabla ya chakula cha jioni, bila kufupisha. Kesho saa kumi na mbili asubuhi, majaruba ya Yustina. Kila shina lishindiliwe mpaka kiungo cha pili cha kidole. Mvua ikinyesha tunakwenda na mvua. Tumaini, mwanangu, unashona pale karibu na mashine ya kukoboa na najua unasoma kwa sababu huwa unaniwekea kidole gumba: zima hiyo cherehani uende kwa mama yako, anza wewe.